Kabla hujasema "fundi jaza gesi", nisikilize mimi niliyeua kompresa

Juzi usiku kuna kaka kanitumia meseji: "Kaka habari, nimebadilisha kondensa wiki iliyopita, gesi nimejaza mara tatu sasa na bado AC inapoza dakika ishirini tu inakata, hivi gesi original inapatikana wapi?" Nikacheka peke yangu, alafu nikanyamaza, maana hiyo meseji mwaka juzi ningeiandika mimi. Na jibu nililompa hakulipenda. Nilimuuliza, walivuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya mabomba kabla ya kujaza? Akajibu "walijaza gesi". Sawa.

Basi bwana, mi nina Noah, na najua nusu ya mnaosoma hapa mna Noah au mnaitamani. Bodaboda ilinigonga kwa mbele kwenye foleni ya Tabata, siyo ajali ya kutisha, bampa likarudi ndani likatoboa kondensa, ile inayofanana na rejeta na inakaa mbele ya rejeta. Gesi ikatoka pshhh, ikaisha. Fundi nikampata kwa kuelekezwa, simtaji, na hata kijiwe chake sikitaji. Kondensa ya mtumba tukaitafuta Ilala, ya kwanza haikuingia, ya pili mipira haikukaa, yaani gari ililala pale siku nne na mabomba ya AC yako mdomo wazi, hata kuzibwa na kitambaa hakuna. Mwezi Februari, Dar, unajua hewa yetu ilivyo na unyevu. Mi sikujua kama hilo ni tatizo, nilikuwa nawaza bampa tu.

Siku ya tano akafunga, akachukua kompresa ya kujazia matairi akapuliza ndani "kusafisha", akachomeka kopo la gesi, injini inaunguruma, dakika kumi kamaliza. "Bosi, gari yako sasa friji." Na kweli ilikuwa friji! Nikampa hela yake na ya soda juu.

Jumamosi tukaenda Tanga msibani, mama mkwe kakaa mbele. Mpaka Chalinze baridi safi, anajifunika na kanga. Kabla ya Segera ikaanza kutoa hewa ya kawaida, alafu moto. Nikazima, baada ya muda nikawasha, baridi! Nusu saa tena moto. Mama mkwe ananiangalia, anajipepea na ile ile kanga, "Baba Nasra, hii ya kwenu ina zamu?" Shemeji huko nyuma alicheka mpaka Muheza. Mpaka leo akiniona ananiuliza zamu ya baridi ni saa ngapi. Sijasahau, na akisoma hapa ajue sijasahau.

Nikarudi kwa fundi, akasema gesi imepungua, akaongeza. Wiki ile ile ikarudia, akaongeza tena. Hapo kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi, ikaanza kukata na kuwasha, kat, kat, kat, alafu siku moja pale Ubungo ikalia kama mtu anasaga kokoto na ndo ukawa mwisho wake.

Niliyekuja kumpata baadaye ni mzee mmoja wa Temeke, mtu wa maneno machache, zamani alikuwa fundi wa mafriji. Kitu cha kwanza hakugusa gesi. Alifungua boneti akanionesha stika, maandishi ya Kijapani matupu, ila katikati unaona HFC134a na namba yenye g. "Hizo ni gramu, mwanangu. Huyo aliyejaza alikuwa na mizani?" Mizani! Mi nilikuwa naona geji tu, kile kipimo cha presha, nikajua ndo sayansi yenyewe.

Na hapa ndo wengi tunaliwa. Injini ikiwa imezimwa geji haikwambii gesi ni kiasi gani, inakwambia joto. Ilimradi ndani kuna gesi iliyobaki kimiminika hata kidogo, kwenye nyuzi 30 mshale utasoma karibu 97 psi, iwe imebaki kidogo, iwe imejaa mpaka juu. Sasa fundi akichomeka geji gari imezima akasema "imepungua nusu", huyo anapiga ramli.

Pili gesi haiishi. Siyo petroli, haichomwi popote, inazunguka tu. Ikipungua ghafla imevuja, ukiongeza bila kuziba unalisha upepo. (Na hii R134a, ndo ile ile HFC134a ya kwenye stika, haitoboi ozoni kama ile R12 ya zamani, lakini inapasha dunia joto vibaya sana, ndo maana mwaka 2016 pale Kigali nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi za ukoo huu. Sisi bado tunaiachia pshhh uswahilini huku tunapiga stori.)

Sasa ile ya Segera ilikuwa nini? Maji. Siku nne za mdomo wazi pamoja na upepo wa kompresa ya matairi, unyevu uliingia wa kutosha. Kuna kivalvu chenye tundu jembamba sana ambapo gesi inapoa ghafla, ule unyevu ukifika pale unaganda, barafu inaziba tundu, AC inakata. Ukizima barafu inayeyuka, baridi inarudi. Zamu hiyo, mama. Kwahiyo fundi alipokuwa anaongeza gesi alikuwa anajaza mfumo ambao tayari umejaa, presha ikapanda, na maji nayo yakichanganyika na gesi na oili yanatengeneza asidi inayokula vyuma taratibu. Kompresa yangu iliuliwa, haikufa.

Mzee akabadilisha draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, kikikaa wazi siku nne hakina kazi tena hata kama kinaonekana kipya. Akaweka kompresa nyingine, akapima oili kwa bomba la sindano. Alafu akafunga pampu ya vakyumu na kuiacha saa nzima. Mi nikawa nauliza mzee bado? Bado. Mfumo ukiwa mtupu kabisa maji yanachemka hata kwa joto hili hili la kivulini, yanakuwa mvuke na pampu inayatoa, lakini yanataka muda. Mshale wa geji ya buluu ukashuka mpaka karibu 30 chini ya sifuri, hizo ni inchi za vakyumu, siyo joto. Akafunga valvu, akazima pampu, tukaenda kunywa chai.

Kurudi, mshale uko 20. Panavuja.

Akaleta mtungi wa naitrojeni, akapaka povu la sabuni kila kiungo, na pale bomba linapoingia kwenye kondensa tukaona vipovu vidogo vinatoka kimoja kimoja kama samaki anapumua. Akafungua, akaniwekea oringi kiganjani, kile kipira cha duara kinachoziba kiungo. Ya zamani, fundi wa kwanza aliirudisha ile ile, bapa upande mmoja, na chembe ya mchanga imejibanza, ndogo kama punje ya chumvi. Hiyo chembe na kopo la gesi la haraka vimenila zaidi ya laki nane. Oringi mpya inauzwa hela ya chapati.

Tukarudia vakyumu mwanzo, mshale ukatulia, gesi ikaingia kwa mizani mpaka gramu za stika, tukaishia hapo. Kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi kikasoma nyuzi 8.

Kwahiyo wewe uliyefungua mfumo kwa sababu yoyote, oringi mpya, draya mpya, vuta vakyumu, subiri, pima gramu. Nasema tena, vuta vakyumu. Wenye Aqua na Prius, kompresa yenu ni ya umeme, oili yake ni tofauti, fundi akija na oili ya kawaida mfukuzeni. Na kama unajaza mwenyewe na kopo, injini ikiwa inawaka usiguse valvu nyekundu ya geji, ile ya upande wa presha kubwa, kopo litakupasukia mkononi, vaa na miwani, ile gesi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikupata jichoni umekwisha.

Tunapenda haraka sana jamani. Mtu anasubiri saa tatu saluni, lakini fundi akimwambia pampu inataka saa moja anaangalia saa yake, anataka dakika kumi, alafu anarudi mara tatu na kulaumu gesi feki. Mi nilikuwa huyo huyo.

Siku hizi nina geji zangu, pampu ndogo na mizani ya jikoni aliyoisusa mama Nasra, majirani wanaleta magari Jumapili. Jana shemeji naye kapiga, AC yake imekata, anataka kuazima geji. Nimemwambia geji hazitoki nyumbani, alete gari, na zamu yake ni saa nane mchana.