Vipele kila nikinyoa miguu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nikinyoa miguu, kesho yake ugokoni panajaa vipele vyekundu vinavyowasha hadi silali. Natumia wembe wa kawaida na povu la sabuni ya mche. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Sabuni ya mche iachie nguo. Inakausha ngozi, na povu lake hukauka kabla wembe haujafika gotini. Nyoa mwishoni mwa kuoga, vinyweleo vikiwa vimelainika kwa maji ya uvuguvugu, kisha paka krimu ya kunyolea isiyo na manukato. Huna? Kondishena ya nywele inafaa kabisa.

Halafu huo mkono wako. Wembe usiugandamize. Upitishe taratibu kuelekea vinyweleo vinakolalia, yaani toka gotini kushuka kifundoni, na kila ukipitisha, usuuze. Mguu hautakuwa laini kama ambavyo ungekuwa ukinyoa kinyume, lakini ngozi nyepesi kama yako kinyume haikiwezi. Pakishakauka usirudie kabla ya kupaka krimu tena. Wembe ukitumika mara 5 hadi 7, tupa, na tafadhali usiazimane na mtu, hata dada yako.

Ukimaliza, maji ya baridi, taulo la kugusagusa tu, losheni isiyonukia. Ndimu na spiriti, ambazo najua mtakuwa mmeshaelekezana, zinaunguza ngozi iliyokwisha kukwaruzwa.

Kwa sasa usinyoe mpaka hivyo vipele vipone. Vikitunga usaha, nenda zahanati.