Kumwandikia Shairi Mama Ambaye Hajawa Mama

Ukitaka kumwandikia mama yako shairi la enzi ambazo wewe hujazaliwa, la kwanza ni kujiondoa humo, nalo si jambo jepesi. Mimi nilianza na picha moja: msichana ameegemea ukuta, viatu amevivua na kuvishika mkononi, anacheka hadi macho yamefumba, na begani pake vimetua vidole vya mtu ambaye ukingo wa picha umemkata. Nikatunga beti sita za tarbia, yaani za mishororo minne minne, mizani 16 kwa kila mshororo, nikaridhika kwamba zimetimia. Nilipozirudia usiku ndipo nilipoona kuwa kina cha mwisho nilichokichagua ni "ngu", hivyo kila mshororo uliishia kwenye "mama yangu", "furaha yangu" au "ujio wangu", na yule msichana wa pichani nimemgeuza mtu wa kunisubiri mimi. Kina huponza kimyakimya.

Nikazitupa, nikaandika shairi huru. Sisemi vina vina ubaya. Mwana Kupona, malenga wa kale wa Kiswahili, alimwusia binti yake kwa vina mnamo mwaka 1858, na utendi wake ungali unasomwa. Lakini mle mama ndiye msemaji, naye anamjua anayemwusia. Binti anayemwendea mama yake katika enzi za kabla ya yeye binti kuzaliwa anasema na mtu ambaye bado hawajajuana, kwa hiyo hana ruhusa ya kumwusia lolote.

Hapo ndipo vitenzi vinapokuwa na kazi kubwa. "Ulicheka" humfanya aonekane amekwisha kuondoka, ilhali "unacheka" humrudisha pale ukutani akiwa na miaka yake 19. Jihadhari zaidi na "ungalijua", kwa kuwa ukishaliandika utaanza kumhubiria msichana wa watu habari za kukesha na kuchoka, mambo ambayo hayajamfika. Mwite kwa jina lake. Neno "mama" libaki kwenye anwani ya shairi, au lisiwepo kabisa.

Usilolijua liache wazi. Vile vidole vya begani sikuvitafutia mwenyewe, na sijutii. Viatu, kwa bahati mbaya, nilivipa ubeti mzima, nikidai kwamba alivinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Nilipomsomea mama alisikiliza hadi mwisho, akaichukua picha, akaisogeza karibu na macho, akasema viatu vile vilikuwa vya kuazima na vilikuwa vikimbana, ndiyo maana alivivua.