Karafuu zilizorowa

Assalaam alaykum Mhariri.

Wiki hii mmetuuliza kama familia inayomsomea mzee wake aliyefariki khitma, yaani kisomo cha Kurani nzima, kila mwaka inamkumbuka kweli au inajionesha kwa majirani. Swali limenikuta pabaya. Siku mbili kabla ya kulisoma, ami yangu alinipigia simu kutoka Wete, Pemba, kuniambia mchango wa khitma ya babu umepanda, kwa sababu mwaka huu anataka kuchinja ng'ombe. Nikamjibu inshaallah, nikakata simu na moyo umenijaa.

Ya masheikh siyaingilii. Wako wanaosema ni uzushi, wako wanaosoma tangu enzi za wazee wao, na wote ni jamaa zetu. Langu ni jingine. Juzuu thelathini zikishasomwa, kabla ya sinia za pilau kuingia, mtu husimama akasema marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, hakukosana na mtu. Ni kweli yote, lakini maneno hayo hayo nimeyasikia kwenye khitma ya mkwe wangu na ya jirani yangu hapa Mwanakwerekwe. Kisha ami huongeza lake, na watu wote hucheka kwa mapenzi: "Baba alikuwa na kasoro moja tu, usingizi. Alilala karafuu zikarowa!"

Hapo ndipo pananiuma, na sijapata kumwambia mtu mpaka leo.

Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu mkubwa, skuli zimefungwa tukachume, na nyumba nzima inanukia karafuu hata kwenye mito ya kulalia. Usiku tulikaa duara tukichambua, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule, vidole vinanata na kuwa vyeusi havitoki kwa sabuni. Asubuhi zinaanikwa uwanjani juu ya majamvi. Aliyekulia Pemba anaijua kazi ya mtoto siku hizo: wakubwa wako shamba, wewe unabaki na zilizoanikwa, unafukuza kuku, unazigeuza, na wingu likitokea unapiga kelele.

Zilikuwa na siku ya nne juani. Zimeshakuwa kahawia, ukiishika moja ukaivunja inakatika ka! Majamvi sita, na jioni ile zingetiwa kwenye magunia. Bibi alikwenda mazikoni kijiji cha pili. Babu alikuwa nyuma ya nyumba akisuka pakacha. Nikajinyoosha chini ya mfenesi nipumzike kidogo tu.

Mvua haikuniamsha. Nilichokihisi ni mikono ya babu chini ya mabega yangu. Alininyanyua, akanipeleka ukumbini akanilaza juu ya mkeka, ndipo akatoka mbio kuziendea karafuu. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi sana. Mali ya nyumba nzima inarowa mbele ya macho yake, na yeye alianza na mimi.

Nikasimama mlangoni. Mvua ya vuli ikija Pemba haibishi hodi. Mzee yule peke yake alikunja jamvi la kwanza akalikokota ndani, akakunja la pili. Manne yaliyobaki maji yakayashinda. Karafuu zikachukuliwa na mkondo kuelekea migombani, naye amechutama, msuli aliovaa umemganda miguuni, anazizuia kwa viganja kama mtu anayekinga mchele usimwagike. Aliponiona akasema, "Ingia ndani, utashikwa na homa."

Bibi aliporudi, na ami nyuma yake, aliuliza kwa sauti kali, "Nani alikuwa akiangalia?"

"Mie," babu akasema. "Mtoto kichwa kikimuuma, nikamwambia akalale. Nami usingizi ukanipitia."

Aliyoambiwa siku ile sitayaandika. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akikamua kofia yake, hakujibu. Tulizianika tena, lakini zilishashika ukungu, na kwenye kituo cha kuuzia karafuu zikapimwa kwa daraja la chini. Fedha zile zilikuwa za mahari ya ami. Harusi ikangoja msimu mwingine, na kwa siku nyingi ami alikuwa akimwamkia baba yake bila ya kumtazama.

Usiku nilimfuata babu barazani, nikalia. Akaniambia, "Yashakwisha hayo, mke wangu. Usiyafukue." Ndivyo alivyokuwa akituita wajukuu zake wa kike.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema khitma za kila mwaka ziachwe, kwa kuwa hazimtaji mtu kama alivyokuwa. Sasa naona hilo si la haki. Ami anasimulia anachokijua. Anayejua zaidi yake ni mimi, na mimi ndiye niliyekaa ndani na wanawake mwaka baada ya mwaka, nikasikia kicheko kile, nikaendelea kupakua pilau.

Basi jibu langu ni kwamba isomwe, na mimi nitakwenda. Ng'ombe bado naona ni kubwa mno kwetu, mchele na kuku wangetosha, na hilo nitamwambia ami bila ya kuogopa. Lile jingine ndilo zito. Babu alisema nisiyafukue, na sijui kama nikilisema nitakuwa nimemtendea haki au nimeivunja kauli yake. Mbele ya watu pengine sitaweza. Lakini nimeshamtumia ami mchango wangu wote, na nimekata tiketi ya boti ya siku moja kabla, nimkute nyumbani wageni hawajafika.

Msomaji wenu,
Mwanakwerekwe, Unguja