Kwa matabibu na manesi wapya wa dispensari za Lamu: mgonjwa wa mawazo hatakwambia ana mawazo

Salaam wadogo zangu mnaoletwa visiwani huku. Malaria na presha mmefundishwa mkashiba, mi nataka tuongee mawazo na wasiwasi, manake hao wagonjwa mtawaona kila siku na msipouliza hamtawatambua. Hakuna atakayekaa kitini akwambie nina dipresheni. Atakuja bimkubwa na buibui lake aseme kichwa, mgongo, moyo waenda mbio, usiku halali, tumbo lajaa gesi, na ukifungua kitabu chake cha kliniki wakuta ashakuja na hayo hayo mara kadhaa na kila mara kaandikiwa panadoli na dawa ya asidi. Kile kitabu ndio kipimo chako cha kwanza.

Sa usikimbilie kusema ni mawazo tu. Angalia damu, sukari, presha, tizama shingo kama imefura, uliza mimba na kajifungua lini, uliza muguka wa kutafuna na vidonge vingine. Kisha maswali mawili: wiki mbili hizi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akiitikia, enda PHQ-9 yote, yaani yale maswali tisa ya kupima dipresheni, alama ni 0 hadi 27, kuanzia 10 usimwache aende hivi hivi. Ya wasiwasi ni GAD-7, maswali saba, mwisho wake 21. Ila tafadhali usiyasome kama karani wa sensa. Na aliyemleta atoke nje, mji ni mdogo na mavyaa akikaa pale huyo hatasema kitu. Mi husema "mama nipishe kidogo nimpime", hakuna anayekataa kupisha kipimo.

Swali la 9 la PHQ-9, la kujidhuru, ndilo wengi mtaliruka, mtaona haya kumuuliza mtu wa dini. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Panda nalo pole pole: maisha yamekuchosha? ushawahi kuona bora Mungu akuchukue? ushawahi kufikiria kujiua? kwa njia gani? Wengi watakubali la pili na kukana la tatu huku wameangalia chini, hapo usiinuke, kaa. Akiwa na mpango hapandi boti peke yake, jamaa zake waondoe vidonge na sumu ya panya nyumbani, nawe piga simu hospitali ya kaunti siku ile ile. Na msiwatishe watu na polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilishasema kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, chaenda kinyume na katiba.

Dawa si ya kila mtu, alama zikiwa chini mazungumzo na siku ya kurudi hutosha. Akihitaji, dawa ya dipresheni ni fluoksetini miligramu 20 asubuhi, lakini uliza kwanza kama ashawahi kupitia siku za kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, pesa azimwaga, manake mtu wa baipola ukimpa hii peke yake waweza kumpandisha akarudi kwenye kuchangamka huko. Mwambie wazi kichefuchefu chaweza kuja kwanza na nafuu ni baada ya wiki kadhaa, usipomwambia atakunywa siku tano aache. Akishapata nafuu aendelee miezi 9 hadi 12. Ramadhani atakunywa daku, hakuna tabu. Amitriptilini, dawa nyingine ya dipresheni, ikizidi yaua, kwa hio mtu aliye na hatari ya kujidhuru usimpe paketi ya mwezi, na mzee wa moyo usimguse nayo kabisa. Diazepamu, ile ya kutuliza na kulaza, ndio mtego, mgonjwa atalala siku ya kwanza akusifu mtaa mzima, wiki chache baadaye hawezi kuiacha na wewe ndiye uliyemuanzishia.

Ashasomewa na ashakunywa kombe pengine, usibishane na ustadhi wake. Kisomo kiendelee na vidonge viendelee, bora asifungwe, asipigwe, wala asiachishwe dawa.

Kazi kubwa ni kumrudisha. Kusi ikichafuka mtu wa Faza au Kizingitini hatoki kwa ajili ya vidonge, kwa hio kama si wa hatari mpe vya kutosha, chukua namba yake, mpigie. CHP wa kijiji, yaani mhudumu wa afya ya jamii, aweza kupita kumtizama, ila muulize mgonjwa kwanza kama ataka CHP ajue, waweza kuta ni wifi yake.