Mama mkwe anasema pesa ya mitumba si halali

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nina kiduka cha mitumba hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo. Nanunua belo Dar, nafungua, zile kali nazifua na kuzipiga pasi, naziuza dukani na kwenye status ya WhatsApp. Zinazobaki nazipeleka mnada wa Msalato Jumamosi. Mama mkwe wangu amekataa mchango wangu wa kujenga madrasa. Anasema hizi ni nguo za wafu, tena makafiri, na ni sadaka za watu: wenyewe walizitoa bure, sisi tunaziuza. Je, biashara yangu ni haramu? Na kununua belo lililofungwa, sijui kilichomo, kunafaa? Halafu nimekuta noti ya dola 20 kwenye mfuko wa koti. Nimeiweka tu, naogopa kuigusa.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, biashara yako ni halali. Nakuanzia na hilo ili upate usingizi, halafu tuzungumze yaliyobaki, maana yapo.

Mama mkwe usimkasirikie. Hayo aliyoyasema hakuyatunga yeye. Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa ulaya, na wengi walikua wakiamini kwamba kila koti linaloteremka kwenye kontena limevuliwa maiti. Tuseme basi ni kweli, koti fulani mwenyewe amekufa. Nguo za marehemu ni mirathi kama shamba lake na ng'ombe wake. Warithi wakiziuza au wakizitoa, wametoa mali yao. Hakuna aya wala hadithi inayosema nguo ya marehemu haiuziki.

La sadaka ndilo lenye uzito zaidi, na jawabu lake linatoka nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Barira, aliyeachwa huru na Bibi Aisha (r.a.), alipewa nyama ya sadaka. Mtume akaingia, chungu kipo motoni, naye akaletewa mkate na kitoweo kingine. Akauliza: kwani sikuona chungu chenye nyama? Wakamwambia: hiyo ni nyama aliyopewa Barira sadaka, na wewe huli sadaka. Akasema: kwake yeye ni sadaka, kwetu sisi ni zawadi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Nyama ni ileile, chungu ni kilekile, lakini ilipohama mkono hukumu nayo ikahama. Mtu wa Uingereza akishatumbukiza koti lake kwenye sanduku la shirika la misaada, si lake tena. Shirika huuza sehemu kubwa ya nguo hizo kwa makampuni ya kuchambua, yakapanga kwa aina na gredi, yakafunga mabelo, yakamuuzia mwagizaji wa Dar es Salaam, naye akakuuzia wewe. Hapo katikati kila mtu amelipa. Wewe umenunua bidhaa, hukuchota kwenye bakuli la masikini.

Na ukafiri wa aliyeivaa? Mughira bin Shu'ba (r.a.) alikuwa na Mtume safarini, akamsaidia kutawadha, na Mtume amevaa joho la Sham, yaani nchi ya Syria na jirani zake. Mikono ya joho lile ilikuwa myembamba mno hata ikambidi atoe mikono yake kwa chini ili aioshe. Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi, na joho lililoshonwa huko alilivaa. Kwa hiyo asili ya nguo ni twahara, yaani safi kisheria, mpaka uione najisi kwa macho yako, na shaka haiondoi yakini. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, akiwemo Imam Nawawi, wamesema kuvaa nguo za wasio Waislamu ni makuruhu, yaani si haramu ila kuacha ni bora, hasa zile zinazogusana na tupu, na zikifuliwa hakuna neno tena. Wewe unafua. (Na kwa ile harufu ya belo ikichanganyika na vumbi la Dodoma, sijui nani angevaa bila kufua.)

Kuwa macho kwenye ngozi tu. Kama unauza viatu, mikoba na majaketi ya ngozi, soma lebo. Ngozi ya nguruwe kwetu haitwahariki hata ikidabighiwa, yaani ikitengenezwa kwa dawa, na haiuziki. Lebo ikiwa imefutika, geuza ngozi kwenye mwanga: vitundu vya vinyweleo vya nguruwe hukaa vitatu vitatu, kama pembetatu, kwa hiyo ikiwa hivyo iweke kando. Kuishika ikiwa kavu na mikono yako mikavu hakukudhuru kitu.

Sasa belo. Hapa mama mkwe angeuliza hili ningemwambia amegusa penyewe. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alikataza mulamasa, nayo ni mtu kuigusa nguo ya mwenzake kwa mkono, usiku au mchana, bila kuifunua, na hapohapo mauzo yakahesabiwa yamepita. Nguo kabisa, dada yangu! Na amekataza pia kila mauzo ya gharar, yaani yenye kiza ndani yake, usijue unapata nini. Ndiyo maana kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu inasema kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakisihi kuuzwa.

Ukiishia hapo, mitumba yote imefungwa, kuanzia soko la Karume la Dar mpaka Majengo. Lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Kauli ya pili ya mashafi, na ndiyo rai ya Imam Abu Hanifa, ni kwamba mauzo yanasihi na mnunuzi ana hiari siku akiona. Na Imam Malik, katika kitabu chake cha Muwatta, amezungumza kitu ambacho ungedhani alikuwa amesimama kwenye godauni la Dar: mafurushi ya nguo yanayouzwa yakiwa yamefungwa, kwa kusoma orodha ya sifa za vilivyomo. Nguo moja iliyokunjwa ndani ya mfuko wake hakuruhusu iuzwe mpaka ikunjuliwe, lakini furushi lenye orodha aliliruhusu, kwa kuwa watu wa Madina walikuwa wakifanya hivyo na hawakuona ubaya, maadamu vilivyomo vinalingana na orodha.

Mimi nafuata njia hiyo kwa belo. Likiwa limeelezwa ni magauni au masweta ya watoto, gredi gani, kilo ngapi na limetoka nchi gani, na bei ikapatana na hayo, nunua. Ukikuta vipande vichache vibovu, vumilia, hiyo ndiyo hali ya mzigo na kila mnunuzi anaijua. Ukikuta umeuziwa gredi ya kwanza na ndani ni matambara, una haki ya kulirudisha au kupunguziwa, hata aliyekuuzia akikunja uso. Belo lisilo na maelezo yoyote, la kujaribu bahati, liache. Na yule anayelifungua, akanyofoa zile kali, akalikaza tena kwa mikanda mipya na kuliuza kuwa halijaguswa, huyo anakula haramu, bei yake iwe nafuu vipi.

Ila ukimdai haki yako mwenye belo wa Dar, ujue mteja wako wa Dodoma naye anakudai ileile. Hukuniuliza hili, lakini ndilo ninaloliogopea zaidi kwa wauza mitumba.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta umajimaji. Akauliza: ni nini hiki, mwenye chakula? Akajibiwa: kimenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Allah. Akasema: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi. Imepokewa na Muslim. Yule mtu hakusema uongo hata neno moja. Alipanga tu, kikavu juu, kibichi chini.

Ukitundika gauni umegeuza upande wenye doa la jasho la kwapani uelekee ukutani, umepanga. Ukipiga picha ya sweta kwa pembe ambayo tundu la kiwikoni halionekani, ukaiweka status, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akakutumia pesa kwa simu na bodaboda akaondoka na mzigo, umepanga. Zipu unaijua inakwama katikati, umeifunga juu kabisa na kuikunjia ndani: hiyo nayo ni ileile. Kushona palipofumuka, kupiga pasi na kubadilisha vifungo hakuna ubaya, hiyo ni kazi yako na unastahili faida yake. Kupachika lebo mpya na kusema ni ya dukani, imetoka Uturuki, ni ghushi ya wazi.

Kwa mtazamo wangu, lile turubai lako la Msalato lina usalama kuliko ukurasa wako wa WhatsApp. Pale ni mchana kweupe, nguo zimemwagwa, mtu anachambua kwa mikono yake, anavuta mshono, ananusa, anashikilia juani, ndipo anatoa buku yake. Kwenye simu macho ya mteja ni wewe. Kwa hiyo doa lipige picha yake peke yake, andika bei ya chini, mwambie. Wapo watakaonunua hivyohivyo, hasa Juni na Julai baridi ya Dodoma inapobana na mtu anatafuta koti lolote la kumkinga na upepo.

Na kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kinakusaidia kwa mteja aliyebadilisha mawazo tu. Kwa kasoro uliyoijua ukainyamazia, hakikuvui lawama. Akirudi, mpokee na umrudishie pesa. Hivyohivyo usiape wallahi nimeinunua bei hii ikiwa si kweli. Mtume amesema kiapo hutembeza bidhaa na kufuta baraka.

Sketi fupi na nguo za kubana: mke anavaa nyumbani kwa mumewe, hivyo kuuza hakukatazwi kwa asili yake. Umar (r.a.) alipewa na Mtume vazi la hariri, na hariri ni haramu kwa wanaume, alipouliza akaambiwa hakupewa alivae, naye akampelekea ndugu yake Makka. Ukijua yakini mteja anakwenda kufanyia maasi, hapo usimuuzie. Nguo za ndani za mitumba ziache kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limezikataza kwa ajili ya afya za watu, na amri ya namna hiyo kuitii ni wajibu wetu.

Mwendee mama mkwe siku ametulia, umsomee hadithi ya Barira. Akiendelea kukataa mchango, mpe mwalimu wa madrasa mkononi bila kushindana naye nyumbani. Pesa ni safi na madrasa haimilikiwi na mtu mmoja.

Dola 20 si yako. Ulichonunua ni koti, na aliyekuuzia hakukusudia kukuuzia noti, wala mwenye koti hakukusudia kuitoa. Ni mali ya kuokota. Muulize aliyekuuzia belo kama mzigo unaweza kufuatiliwa mpaka kwa mwenyewe. Najua atacheka, lakini uliza. Likishindikana, na aghlabu litashindikana, ibadilishe benki na uitoe kwa fukara au kwa jambo la manufaa ya Waislamu. Ukiipeleka madrasa, usiiandikishe kwa jina lako.

Wallahu aalam.