"Programu za kiwango huria": je, ni sahihi?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa ununuzi wa kompyuta za ofisi yetu. Mwenzangu ameandika "programu za kiwango huria" kila mahali, akikusudia mambo mawili: programu ambazo msimbo wake (maagizo yaliyoandikwa na waundaji wake) uko wazi kwa wote, na nyaraka zinazofunguka bila kujali programu iliyotumika. Je, ni sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na naomba myatenganishe kabla mwongozo haujachapishwa.

Tatizo la kwanza ni "kiwango". Dukani, "bidhaa ya kiwango" ni bidhaa bora, kwa hiyo mnunuzi atadhani mnasifia ubora wa programu. Nyinyi mnakusudia kiwango kile cha Shirika la Viwango Tanzania, yaani kipimo kilichokubaliwa. Wazee wetu walipokubaliana kwamba pishi ni vibaba vinne, hicho kilikuwa kiwango. Chombo cha kupimia ni kitu kingine. Kila fundi alitengeneza chake, na nafaka ikapimika vilevile.

Kwenye kompyuta, pishi ni kama ODF, muundo wa nyaraka uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, yaani Shirika la Kimataifa la Viwango, mwaka 2006. Maelezo yake yanasomwa na yeyote. LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, ni chombo, tena ni programu huria: msimbo wake unaruhusiwa kusomwa, kubadilishwa na kugawanywa. Microsoft Word nayo hufungua na kuhifadhi ODF, ingawa msimbo wake umefungwa. Basi programu iliyofungwa yaweza kufuata kiwango kilicho wazi. Ndiyo maana neno moja halitoshi.

Kwa programu, "huria" ni chaguo zuri. Tunalo katika "soko huria" na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa maana ya kitu ambacho watu hawazuiwi kuingia. Lisichanganywe na "bure", kwani bei ni habari nyingine. Uhuria huo ndio uliowezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004: watafsiri waliweza kuingia ndani ya programu yenyewe na kubadili maneno ya menyu. Kazi ile naithamini sana, maana ililazimisha Kiswahili kujitafutia istilahi zake.

Kwa kipimo, mimi napendelea "kiwango wazi". "Kiwango huria" si kosa la sarufi, lakini huwarudisha wasomaji kwenye mkanganyiko uleule. Maneno "wazi" na "huria" hayachukui viambishi vya ngeli: kiwango wazi, viwango wazi, programu hii ni huria, programu hizi ni huria.

Sentensi yenu iwe hivi: "Ofisi itatumia programu zinazohifadhi nyaraka kwa viwango wazi, na programu huria zitapewa kipaumbele."