Kabla hujapanga bei

Mwanangu Rukia,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya dirisha la programu nimeiona. Imependeza, ingawa vitufe ni vingi. Unauliza jambo moja tu: hiyo programu yako ya kuandikia blogu, ile ya kuandika bila mtandao na kutuma kwenye WordPress, mtambo wa kuendeshea blogu, mtandao ukipatikana, uitoe bure au uiuze? Nimeanza kukujibu mara mbili nikafuta. Kila nikitaka kutaja bei, mkono unakwenda kwenye swali ambalo hukuniuliza: mtu akiandika humo kurasa tatu, umeme ukakatika, ukirudi atakuta nini?

Usinicheke. Najua umeshajua ninakoelekea, lakini hujui yote.

Fungua kwanza msimbo wako, nenda mahali unapohifadhi rasimu. Ukikuta unafungua faili ileile kwa hali ya "w", yaani ya kuandika, unamimina maandishi, unaifunga, basi ugonjwa upo hapo. Python, lugha uliyoandikia programu yako, ikifungua faili hivyo, jambo la kwanza inalofanya ni kuifyeka hadi baiti sifuri. Maandishi ya zamani yameshaondoka, mapya hayajafika. Pengo lenyewe ni dogo mno. Kwenye laptopu yenye betri hutaliona hata ukijaribu mwezi mzima. Litakuja kuonwa na mtu mwingine, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, usiku.

Andika kwenye faili ya pembeni, tuseme rasimu.tmp, ndani ya folda ileile ya rasimu. Usiiweke kwenye folda ya muda ya Windows, maana ikiangukia diski nyingine, kubadilisha jina kutakataa. Ukimaliza kuandika, ita flush, kisha os.fsync, ndipo maandishi yatoke kwenye kumbukumbu yafike kwenye diski yenyewe. Ukiiruka hatua hiyo unaweza kukuta faili ina ukubwa sahihi lakini ndani imejaa baiti tupu, na hilo linaudhi kuliko sifuri kwa sababu linakupa matumaini. Halafu os.replace: faili mpya inachukua jina la ya zamani kwa mkupuo mmoja. Umeme ukikatika kabla, rasimu ya zamani ipo. Ukikatika baadaye, mpya ipo. Na programu ikifunguliwa, iangalie kama kuna .tmp iliyoachwa njiani, imwulize mwenyewe kama anaitaka. Isiifute kimyakimya. Yote hayo hayazidi mistari kumi.

Mwaka 2008, nilipotengeneza programu yangu ya kuandikia, mistari hiyo mimi sikuwa nayo. Ningeweza kujitetea: os.replace ilikuja na Python 3.3, mwaka 2012, na mimi nilikuwa na 2.5 juu ya Windows XP, ambako os.rename inagoma kama jina lipo tayari. Lakini hayo ni maneno tu. Hata nakala ya .bak ningeweza kuiacha pembeni kabla ya kuandika. Sikuwaza. Nilichowaza ni programu ijihifadhie yenyewe kila dakika moja, na nilivyojivunia! Watu wote tisa niliowapa kwa flashi niliwaambia, humu hupotezi kitu. Sasa piga hesabu. Kila dakika faili inafyekwa na kuandikwa upya. Mara sitini kwa saa inapita juu ya lile pengo. Ingekuwa haijihifadhi mpaka mtu abonyeze mwenyewe, ingepita mara mbili tatu kwa usiku mzima.

Hadithi ya shangazi yako Zaituni na umeme mnaijua. Kila Idi lazima ihadithiwe, na mwenyewe anaongeza chumvi. Usiku wa tatu wa kuandika habari za babu yenu na kambi za mkonge, kwa vidole viwili, umeme ukakatika kama saa tatu hivi, na asubuhi akanipigia simu. Nilikwenda nikaikuta faili ipo, jina lipo, tarehe ipo, saa ipo, na kwenye ukubwa pameandikwa 0. Akaniuliza, "Wifi, yamekwenda wapi?" Nikamwambia ni umeme.

Haikuwa umeme, Rukia. Au tuseme ilikuwa umeme, kwa sababu kweli ulikatika, na usingekatika angeendelea kuandika mpaka leo. Lakini hapa Tanga mwaka ule nani alikuwa hajui kwamba umeme unakatika? Nilikuwa naandikia watu wa hapa. Ningekuwa naandikia watu wa nchi ambayo umeme haukatiki, ningekuwa na sababu. Baba yako alinitazama siku ile, akaendelea na chai yake. Nadhani alielewa.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu bei, narudi palepale: programu ya kuandikia kazi yake ya kwanza ni kutopoteza alichoandika mtu. Fonti, rangi, ratiba, vyote hivyo vinasubiri nyuma.

Na kupotea si kwenye diski peke yake. Mtandao nao una namna yake. Programu inatuma andiko, seva inalipokea na kulichapisha, jibu linapotelea njiani, dirisha linasema imeshindikana, mtu anabonyeza Tuma tena. Sasa yapo maandiko mawili, na wasomaji wanamcheka. Enzi zetu tulikuwa tunatuma kwa amri ya newPost kupitia xmlrpc.php, mlango wa zamani wa WordPress, na kabla nyaya za intaneti za baharini hazijafika 2009 jibu lilipotea mara kwa mara. Wewe una wp-json, mlango wake mpya, lakini tatizo ni lilelile. Tuma kwanza kichwa cha habari pekee kama rasimu. Kichwa usikisahau, kwa sababu WordPress inakataa andiko lisilo na chochote ndani. Ukipewa namba yake, iandike kwenye diski hapohapo. Baada ya hapo kila unachotuma kinakwenda kwenye namba ileile, hata ukirudia mara kumi haizaliwi ya pili. Jibu la ile rasimu ya kwanza likipotea, baya zaidi utaacha kichwa kimoja kitupu ambacho msomaji hakioni.

Saa pia iangalie. Ukijaza sehemu ya date_gmt, inayotaka saa ya Greenwich, kwa saa ya hapa bila kutoa tatu, andiko la saa nne asubuhi litawekwa foleni litoke saa saba mchana, na mwenyewe ataapa kwamba halikwenda. Na kuna jambo ambalo miongozo yote niliyosoma haina: mtumiaji wako wa huku akitaka andiko litoke saa mbili asubuhi ataandika 2:00, na programu itaona sawa kabisa kulitoa saa nane usiku. Mpe chaguo la asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa saa zetu, kisha chini yake mwonyeshe kwa maneno: "Litatoka kesho saa mbili asubuhi." Hilo ukiliweka nitalisifia kuliko vile vitufe vyote.

Nenosiri usiliandike kwenye faili ya mipangilio. Tangu WordPress 5.6, Desemba 2020, kuna nywila za programu, herufi 24, ambazo mwenye blogu anaweza kufuta moja bila kugusa nenosiri lake. Pokea hiyo, uikabidhi kwa hifadhi ya siri ya Windows.

Kwenye kuifunga kwa PyInstaller, kifaa cha kuigeuza iwake bila Python, chagua folda, uache ile ya faili moja. Ya faili moja inajifungua upya kila inapoanza, kwa hiyo inachelewa kuwaka, na antivirasi huishuku. Bila saini ya kidijitali Windows itatoa lile onyo la buluu, na njia ya kuendelea imefichwa nyuma ya maelezo zaidi. Weka picha ya onyo hilo kwenye maelezo ya kupakua, mtu asidhani umemletea kirusi.

Haya, bei. Umesema ukiitoa bure hudaiwi chochote. Kisheria ni kweli. Leseni ya MIT unayotaka kuitumia inasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Ila nenda kamsomee shangazi yako leseni ya MIT. Programu yangu ilikuwa bure, na sikuona kwamba deni lilipungua. Kwa upande mwingine, ukitoza elfu kumi, mtu wa elfu kumi atakupigia saa sita usiku. Hilo nalo ni kweli. Live Writer ya Microsoft, nayo ya kuandikia blogu, ilikuwa bure, majaribio yake yalianza 2006, toleo la mwisho ni la 2012, na mwaka 2015 msimbo ukafunguliwa kwa jina la Open Live Writer. MarsEdit ya Mac, ya kazi hiyohiyo, ilianza 2004, ni ya kulipia, na tangu 2007 iko kwa Daniel Jalkut, ambaye bado anaitunza. Ukitazama hapo utasema kulipisha ndiko kunakoifanya programu iishi. Mimi nimetazama hapohapo nikajiuliza, ile ya bure ilipoachwa, rasimu za watu zilikuwa kwenye muundo gani?

Zako zihifadhi kama maandishi ya kawaida, kwa usimbaji wa UTF-8 unaosomeka kila mahali, ndani ya folda ya Nyaraka, kila andiko na faili yake yenye jina la kichwa chake. Siku ukichoka, na utachoka, mtu azifungue kwa Notepad. Ukitimiza hilo, bei panga unavyotaka. Sitakuchagulia. Kama utanibana sana nitasema itoe bure kwa mwaka wa kwanza, kwa watu unaoweza kwenda nyumbani kwao, lakini hilo sijalisema.

Nitumie toleo ulilonalo, hata kama halijakamilika. Ile kompyuta ya mezani ya zamani bado iko chumba cha nyuma, nimeiwekea Windows 10 na kumbukumbu ya GB 4. Nitakaa niandike humo, kila baada ya dakika chache nitachomoa waya ukutani, niwashe tena, nitazame. Nitafanya hivyo mara hamsini. Shangazi yako amesema Jumamosi anakuja kuniona. Kama itakuwa imeshafika, nitamkalisha yeye aandike, na mimi nitashika waya.

Mama yako